Vioo Alivyochora Mama Mkwe

S.L.P. 63,
Mbinga.
16 Septemba 1995

Mpendwa Dada Beata,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi wa sita niliipata, nami nimechelewa kujibu, unisamehe. Kifua cha shemeji Ignatio kimetulia? Na joto la Tabora mnalistahimili? Sisi tu wazima. Mama yuko Kitura na kahawa yake. Siku hizi magari ya wanunuzi binafsi yanapanda mpaka kule, basi anaringa sana. Rosina wangu amejifungua salama mtoto wa kike, tumemwita Glorious.

Dada, nina kijicho, na hapa sina mtu wa kumwambia. Namwonea kijicho mama mkwe wangu.

Mama Katarina alikuja kutoka Liuli kumhudumia Rosina baada ya uzazi. Wakati huo nilikuwa na kazi ya mtu wa Mbamba Bay, Nathanieli, aliyeinuka kwa kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa na sasa anafungua ukumbi wa video. Alitaka vyombo vinne vidogo vya anga, vya mbao, avining'inize mlangoni, vionekane vimesafiri miaka mingi huko kwenye nyota. Kuchakaza kitu ninajua. Nilivipaka kijivu, nikavikwangua kwa msasa, nikavisugua masizi na unga wa kutu, mpaka ungedhani ni chuma kilichopigwa na mvua. Madirisha ya chumba cha rubani nikayapaka buluu.

Mama mkwe aliviona vikikauka barazani. Unajua kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, maneno yetu yote hupitia kwa Rosina. Nikamsikia akimwambia, "Rosina, mwambie baba Glorious vile si vioo. Ni vibati vya buluu."

Iliniuma. Mimi nachora mabango mji huu mwaka wa kumi na mbili.

Kesho yake nikaenda Ukata kuandika jina la duka. Niliporudi baada ya siku mbili, chombo kimoja kilikuwa na vioo. Vioo kweli, Dada. Juu weupe wa mbingu, chini giza, katikati mstari mwembamba wa kahawia, kama milima ya mbali inavyoonekana kwenye dirisha. Pembeni vumbi kidogo. Niliinama nimtafute rubani ndani, kisha nikaona haya.

Nathanieli akafika kabla ya siku yake. Akakishika kile kile. "Hivi vioo umevifanyaje?"

"Ni uzoefu tu," nikasema.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko akichambua maharage. Alisikia. Hakuinua kichwa.

Nathanieli akataka vile vitatu viwe na vioo kama hivyo. Nilijaribu siku nne. Napaka, nakwangua kwa wembe, napaka tena, vinatoka kama sahani za bati. Nikamtuma Rosina akamwombe mama. Akarudi na jibu: "Mama anasema mwenye uzoefu yupo."

Siku ya tano nikakaa chini uani, mbali naye kama inavyotakiwa, macho nimeyainamisha. "Mama, nilisema uongo mbele yako. Nisamehe."

Kisha akanijibu mwenyewe, bila kumpitia Rosina. "Nimefuta vioo vya misheni miaka thelathini, baba. Kioo hakina rangi yake. Unapaka kile kilicho mbele yake. Na pembeni unaacha uchafu, maana kitambaa hakifiki." Akaomba brashi nyembamba. Kwa asubuhi mbili akamaliza vyote, akapaka vanishi kwenye vioo tu, mwili ukabaki umefifia.

Nathanieli aliporudi nilimwambia ukweli, kwamba vioo ni kazi ya mama mkwe. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Lakini alinipita kama nguzo ya baraza, akavua kofia, akamwamkia mama, akamwomba akirudi Liuli amchoree vingine. Miili, alisema, seremala wa huko huko ataichonga. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Siku hizi hata sokoni watu wananisimamisha: "Yule mama wa vioo bado yupo?"

Keshokutwa mama mkwe anaondoka na lori. Rosina ameniomba nimfungie makopo mawili ya rangi, nyeupe na kahawia, kwa kuwa Liuli hazipatikani. Nilifunga yote mawili. Kisha nikaitoa nyeupe. Nikairudisha, nikaitoa tena. Mpaka naandika hapa iko chini ya kitanda, na yeye yuko nje anamwogesha mwanangu, anamwimbia Kinyasa.

Usimwambie mama yetu. Niombee tu.

Msalimie sana shemeji, na wanao Kilian na Vitalia. Rosina anakuamkia. Mungu aibariki nyumba yenu, awape mvua za mapema na usingizi mzuri.

Mdogo wako akupendaye,
Tadei