Zizi la Kungojea Maji

Jumatatu, 7 Septemba 1992

Niwie radhi, daftari. Sijaandika tangu Aprili. Ukame umenifanya mimi, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kisima cha pampu hapa Migwani, na jioni mikono hunuka dizeli.

Zizi la kungojea linatosha makundi matatu ya ng'ombe. Birikani hunywa kundi moja. Nimeweka sheria: katika yaliyomo zizini, lililo dhaifu zaidi, nikilipima kwa ng'ombe wake aliye mnyonge kuliko wote, litangulie. Likitoka, jingine linaingia. Utaratibu safi.

Binti yangu Kaluki, aliye likizoni kutoka chuo kikuu, alisimama langoni akicheka. Anasema hiyo ndiyo hesabu anayoisomea: vitu vinakuja kimoja kimoja, sanduku ni dogo, na kila mara utoe kimoja bila kujua kijacho. Utaweza kupanga kwa kiasi gani? Nikamjibu kwamba penye nidhamu pana mpangilio.

"Baba, nidhamu haipanui zizi."

Jumatano, 9 Septemba

Nimechanganyikiwa. Ng'ombe mwekundu wa Syokau, mbavu tupu, alipita asubuhi akiongoza kundi la Syokau mwenyewe. Saa nne akaongoza la Musembi. Adhuhuri — la Mutie. Wanaazimana! Nikamkemea Musembi.

"Mwalimu, si ulisema mnyonge atangulie? Huyu ndiye mnyonge wetu sote."

Watu wakacheka. Nami nusura nicheke.

Kaluki alinieleza tena kwa maharagwe na kikombe. Ukijua kijacho, unapanga vizuri zaidi. Usipojua, kuna kikomo, hata uwe hodari vipi. Kikomo nimekielewa. Mengine — la.

Ijumaa, 11 Septemba

Kilonzo hakuazima ng'ombe wa mtu. Kundi lake liliingia zizini juzi likiwa na nguvu, basi kila kundi jipya likapita mbele yake. Hakutoka, asipoteze nafasi. Sasa fahali wake amelala na hainuki. Sheria yangu imemdhoofisha aliyeitii.

Zizi limejaa. Nje ya lango yuko Roble, mfugaji aliyetoka mbali kaskazini. Ndama wake wanayumba.

"Mzee, najua mimi si wa foleni yako," akasema. "Lakini watazame."

Kilonzo akadakia: "Mwalimu, nikingoja tena nitakuwa nangojea ngozi."

Nikamuuliza Kaluki hesabu yake inasemaje.

"Inasema unaweza kupanga kiasi gani, Baba. Haisemi nani afe."

Dizeli iliyobaki ni ya kundi moja. Naandika nikiwa nimeegemea lango, nao wote wawili wananitazama. Nikishaamua, nitaandika.