Kibendera Kinachopanda Kabla ya Pasi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujasema nimerukwa na akili, kwa maana mimi ni mtu wa kupima mambo, nilisoma fizikia chuo kikuu na sasa kazi yangu ni kutathmini waamuzi wa mechi za kimataifa za wanawake, yaani nakaa jukwaani, kisha nairudia video polepole na kumpa kila mmoja alama zake.

Safari hii nimepewa Orikasa Sawa, mshika kibendera, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi ya mstarini, na alama zangu ndizo zitakazoamua kama ataitwa kwenye mashindano ya bara au atapumzishwa moja kwa moja, maana umri umemfikia. Mshika kibendera hawezi kumtazama mpigaji na mlinzi wa mwisho kwa pamoja, kwa hiyo macho huyaacha kwa walinzi na mpigo huusikiliza, akisikia "pu!" ndipo anajua nani ameotea. Ndivyo alivyonifundisha. Lakini kwenye video kibendera chake kinaanza kupanda mguu wa mpigaji ukiwa bado hewani, na si mara moja, ni kila mara, na kila mara yuko sahihi, mpira ukija kupigwa mshambuliaji kweli ameotea, nami nimebadilisha kamera na kulinganisha saa za video na sikuona hitilafu yoyote.

Kipindi cha pili cha mechi hiyo alikipandisha kibendera na pasi haikuja kabisa, kwa sababu kiungo wa wageni aliteleza akakaa chini bila kuugusa mpira, na Dada Orikasa akakishusha taratibu kama aliyepata habari ya msiba, huku wazee jukwaani wakimpigia kelele, "We mama, unafukuza nzi?"

Baada ya mechi tuna kikao cha kujikosoa, kila mmoja anataja kosa lake mwenyewe kwanza. Zamu yake ilipofika aliinama akasema, "Niliwahi."

Refa akacheka. "Dada, tangu lini kuwahi kukawa kosa kwetu sisi?"

Wote wakacheka isipokuwa yeye. Nikamfuata nje, tukakaa kwenye benchi la akiba kula matonge yetu ya wali, nikamuuliza ana nini.

"Kishindo kinakuja kwanza," akasema. "Mguu unafuata."

"Haiwezekani, Dada. Mwanga hutangulia sauti."

"Kaiambie sauti, msomi wangu." Kisha akanishika mkono. "Usiniandikie nikabaki nyumbani, mdogo wangu. Uwanjani nasikia mpira tu. Nyumbani nasikia mengine."

"Mengine yapi?"

"Nilimsikia mama akianguka bafuni. Nikakimbia, nikamkuta sebuleni anamenya chungwa."

Mama yake hajaanguka mpaka leo, mshauri, na Dada Orikasa hathubutu kumwacha aoge peke yake. Nilikuwa nafungua tonge la pili niliposikia nyuma yangu mpira ukipigwa kwa nguvu, nikageuka, na mpira ulikuwa umetulia kwenye nyasi, kipa wa akiba akirudi nyuma ili aje aupige. Dada Orikasa hata hakuinua uso.

"Na wewe?" akaniuliza.

Nimpe alama gani mtu asiyekosea? Na nikimwondoa mstarini, si nitakuwa nimemfungia ndani pamoja na sauti hizo?

Mtathmini, Sendai

JIBU

Binti yangu, pole. Barua yako niliisoma mchana, na bado nilienda kufungua madirisha nisikie sauti za watu.

Lakini ngoja nikukaripie kidogo. Unamwita "asiyekosea" kwa sababu ni mwalimu wako na unamwogopea. Amekosea, na video umeiona mwenyewe. Mimi mpira siujui. Mume wangu amenieleza kuotea kwa vijiti vya kulia chakula na kikombe cha chai, na hata mimi nimeelewa kwamba mnaangalia mtu yuko wapi mpira unapoguswa, si unapokaribia kuguswa. Yule kiungo aliyeteleza alihukumiwa kwa pasi ambayo hakuitoa. Huenda aliona kibendera akababaika. Huenda angempa mwenzake mwingine. Hujui, na Orikasa naye hakujua, ingawa alisikia. Mchezaji ana haki ya kubadili nia mpaka mguu uguse mpira, na mshika kibendera yupo pale kumngojea.

Basi andika ulichokiona. Usahihi, mpe alama zake zote. Kungoja, mpe sifuri, na eleza kwa nini. Habari za vishindo usiziandike, hukuulizwa. Kama hilo litamnyima mashindano, limnyime. Ila mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla hujatuma. Asije akasikia kwa watu, wala kwa njia nyingine yoyote.

Wiki hii nendeni kwa daktari wa masikio. Nimesema nendeni. Usijifanye msindikizaji.

Bafuni kwa mama tieni vyuma vya kushikilia ukutani na zulia la mpira sakafuni. Mzee wa umri ule ataanguka siku moja, asikiwe asisikiwe, na vyuma havimdhuru mtu.

Kuhusu kumfungia ndani: usimfungie, kaa naye. Jioni za mechi ambazo yeye hayupo mstarini, wewe usiwe jukwaani, omba ruhusa. Akishtuka na kutaka kukimbia, mshike mkono umuulize, "Limetokea?" Akisema bado, basi ni bado. Hajazoea kukaa ndani ya hiyo bado, na ni pagumu. Asikae peke yake.