Aliyetoa Huwekewa Alama ya Kujumlisha

Mpendwa Mama,

Kila Ijumaa nikizuru kaburi lako nakusalimia kwa mdomo. Leo nakusalimia kwa kalamu, kwa sababu mdomo umenikauka.

Bado mimi ni karani wa skuli ile ile uliyofundisha kemia. Naandikisha wanafunzi, napokea barua, napiga muhuri, na kazi naipenda kwa kuwa muhuri hauulizi swali. Lakini mwalimu wa kemia amejifungua, mwengine hajaletwa, na mtihani wa kidato cha tatu umekaribia. Jana Mkuu wa skuli aliegemea dirisha langu akaniuliza, "Wewe si mwana wa marehemu Bi Zuwena? Na kemia si umeisoma hadi chuo? Basi kesho baada ya mapumziko utaingia darasani. Wamekwama kwenye ukubwa wa ayoni."

"Bwana Mkuu, mimi karani," nikamwambia.

"Najua. Ungekuwa mwalimu nisingekuomba, ningekupangia."

Unanijua, Mama. Hata nilipolijua jibu sikunyanyua mkono. Naogopa macho ya watu. Na zaidi naogopa kwamba watoto hawa hawana mwengine wa kuwafundisha somo hili. Nikiwachanganya, wataingia mtihanini na mchanganyiko wangu. Sasa nimekaa ofisini nasubiri kengele, na kila nikijaribu kupanga maneno ya somo, yanayonijia ni ya nyumbani kwetu Tibirinzi.

Unaikumbuka Ijumaa ile Mjomba Makame alipotufikia ghafla kutoka Pujini? Sote tulikuwa tumeshalizunguka sinia la wali na mchuzi wa pweza, goti kwa goti, pasipo na mwanya. Mjomba akakaa nyuma ya migongo yetu, peke yake, akawa anaurefusha mkono juu ya bega la Dada Rukia.

"Tazameni," ukasema, na tonge liko mkononi. "Hii ndiyo sodiamu. Kiini ni sinia, elektroni ni nyinyi mnaovutwa na wali. Makame ni ile moja ya tabaka la nje. Akiinuka, atomu ikawa ayoni, mkusanyiko wetu utaishia wapi?"

"Kwenye migongo yetu," nikajibu. Nyumbani niliweza kujibu.

"Basi ndiyo maana ayoni ya sodiamu ni ndogo sana kuliko atomu yake. Limeondoka tabaka zima."

Mjomba akalalamika, "Zuwena, yakhe, mie nimekuja kula. Atomu nimekuwa, wali siuoni."

Tukamhurumia, tukabanana kumpa nafasi safu ya mbele. Hapo viwiko vikaanza kugongana, na kila mtu akarudi nyuma kidogo, duara likatanuka hadi Rukia akatoka kwenye mkeka. "Na hii klorini iliyopokea," ukasema. "Wali haukuongezeka, mlaji kaongezeka. Mnasukumana, na mvuto wa sinia ni ule ule. Ayoni lazima iwe kubwa kuliko atomu."

"Mimi ndiye klorini siku zote," Rukia akasema. "Kila anayekuja hubanwa kwangu."

Siku nyengine, tulipokuwa tunakula shelisheli la kuchemsha, uliniuliza mbona leo nimekaa mbali na sinia, na idadi yetu ni ile ile ya jana tulipokula pilau. Nilicheka, nikaelewa bila kueleweshwa. Oksijeni iliyopokea mbili, sodiamu iliyotoa moja, magnesiamu iliyotoa mbili, zote zinabaki na elektroni sawasawa. Lakini kiini chenye protoni nyingi zaidi huzivuta karibu zaidi, na ayoni huwa ndogo. Pilau ina protoni nyingi.

Darasani lakini nilikuwa mwengine, na wewe ulikuwa Mwalimu. Nakumbuka zoezi la kwanza la ayoni. Ulikusanya madaftari, ukasoma moja, la pili, la tatu, kisha ukakaa kitini ukacheka mpaka ukafuta macho kwa pembe ya mtandio. Karibu darasa zima tulikuwa tumeiwekea sodiamu alama ya kutoa. Kwani si imetoa elektroni? Na klorini iliyopokea tukaipa alama ya kujumlisha. Halafu, kwa kuwa alama ya kujumlisha ni ya kuongezeka, tukaandika kwamba ayoni chanya ndiyo kubwa.

"Lugha yetu imewatega," ukasema. "Haya, kilichotolewa kilikuwa na chaji gani?"

"Hasi," tukaitika.

"Aliyetoa hasi kabaki na nini?"

Nililijua jibu, nikalimeza. Wewe ulinitazama kitambo, hukuniita jina, ukajibu mwenyewe, "Kabaki na chanya nyingi kuliko hasi. Msiisome alama kama kitendo alichofanya. Isomeni kama alichobaki nacho. Aliyetoa hupungua kimo, na bado huandikiwa kujumlisha."

Ulipofariki, Mama, nilidhani nafasi yako kwenye mkeka itabaki wazi. Haikubaki. Siku ile ile tulipokula, tulisogea bila kuambizana, mabega yakagusana. Nilikasirika; niliona ni haraka ya kukusahau. Nilimwambia Rukia hivyo, akanijibu, "Hatujakusudia, mdogo wangu. Imekuwa tu." Sasa nafahamu. Mvuto ulikuwa ule ule, na waliobaki kuugawana walikuwa wachache zaidi. Ndipo tulipokaribiana hivi tulivyo. Hata leo asubuhi Rukia kanisindikiza hadi lango la skuli, mimi mtu mzima, akanitengeneza kola mbele za watu.

Sijui kama nitaweza kuyasema haya mbele yao kama ulivyoyasema. Sauti yangu ni nyembamba. Naogopa nitageukia ubao na nisigeuke tena. Lakini asubuhi nimeyapitia madaftari yao, na wamekosea vile vile tulivyokosea sisi, kwa neno lile lile, na aliyewasahihisha kaweka mkato mwekundu tu bila kuwaambia kwa nini. Sikuweza kuufunga ukurasa. Kosa hili nalijua linakotokea. Nimewahi kuwa ndani yake.

Kengele imelia. Kiranja wao, msichana mrefu mwenye sauti ya kuadhini, kabisha hodi mlangoni.

"Mwalimu, tunakusubiri."

"Mwalimu yupi?" nikamuuliza.

Kanitazama kama ninayemfanyia mzaha. "Si ndiye wewe?"

Wacha niishie hapa, nishasimama. Mola akunawirishie kaburi lako.

Mwanao, kitindamimba wako