Mume Wangu Ameziba Kila Tundu

Mpendwa Bi Mwatima,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo mume wangu hatanisamehe. Mimi ni Mhindi wa Mombasa, na nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kigujarati changu kingefika masikioni mwa ndugu za mume wangu siku hiyo hiyo. Tulikuja London mapema mwaka huu wa 1968, tukiwahi kabla Waingereza hawajatufungia mlango wa kuingia, na tumepanga Southall, mimi, mume wangu Kanti, mavyaa wangu ambaye ndiye mama yake, na binti yetu ambaye hajaanza kutembea, na baridi ilipoingia Kanti akanunua hita ya mafuta ya taa, lakini mafuta yakawa yanakwisha upesi kuliko mshahara wa kiwandani, basi akaanza kuziba, akaziba nyufa za madirisha kwa magazeti, akaja kwenye dohani ya zamani akaijaza magunia, halafu akapanda kiti akaziba hata kile kitundu chenye wavu karibu na dari, akashuka anajipangusa mikono, akasema, “Sasa joto letu halitoki tena.”

Kweli chumba kina joto, Bi Mwatima, lakini tangu hapo hatuna raha. Mavyaa anaamka kichwa kinamgonga, anatapika, miguu haimbebi, anasema nyumba hii ina kitu kisichotutaka, na mtoto amekuwa mtulivu mno, hata akiwa na njaa halii, na mimi mwenyewe juzi nilisimama mbele ya sufuria nikasahau napika nini. Lakini Jumapili mavyaa alikwenda kushinda kwa jirani yetu Mohinder, akala, akacheka, akasimulia habari za Mombasa mpaka jioni, na Kanti aliposikia akasema, “Unaona? Anaigiza. Anataka nimrudishe.” Nikajaribu kufungua dirisha, akalifunga kwa kishindo. “Daksha, unawapashia joto wapita njia?”

Kaka yake mavyaa yuko Mombasa. Je, nimwandikie kwa siri aje amchukue? Nikinyamaza naogopa mavyaa atanifia mikononi, nikisema nitaonekana mke anayemfukuza mama wa mumewe. Nishauri upesi. Anwani iko nyuma ya bahasha, tafadhali usiichape.

Daksha

Daksha mwanangu,

Jibu lako ulishalipata mlangoni kwako, maana nilipofika pale penye mtoto asiyelia sikungoja kumaliza kusoma, nilichukua koti nikatafuta teksi hapa hapa London. Lakini wengi wamewasha hita kama yako msimu huu, kwa hiyo umeniruhusu niwaeleze wasomaji wengine yaliyotokea.

Ulinifungulia ukiwa unayumba. Moto wa hita ulikuwa wa manjano, na ukuta nyuma yake umefanya masizi. Mavyaa wako nilimwita na kumwita ndipo akafumbua macho. Nikakwambia, “Mbebe mtoto utoke nje,” nikazima hita, nikachana magazeti yote dirishani. Kanti akatukuta hapo, katoka kazini.

“Bibi, wewe nani? Baridi itamuua mama yangu!”

“Mama yako haumwi baridi, baba. Anavuta sumu. Hita ikikosa hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka.”

Alitazama kile kitundu alichokiziba kwa mikono yake. Alimfunga mama yake blanketi, akamweka mgongoni, akashuka naye ngazi polepole huku akimwomba radhi kwa Kigujarati. Jirani akaita gari la wagonjwa, na hospitali wakasema nilivyosema mimi, wakampa oksijeni. Mtoto alianza kulia ndani ya gari la wagonjwa, nawe ukalia naye kwa furaha. Leo mavyaa anawagombeza wauguzi kwa chai isiyo na tangawizi.

Sasa nikukaripie. Uliona kwa macho yako kwamba mavyaa akitoka anapona, akirudi anaugua, ukanyamaza kwa kuogopa kuitwa mke mbaya. Bora uitwe hivyo kuliko kuzika mtu. Nawe Kanti, najua unasoma: kubana matumizi si aibu, ila mama akisema anaumwa, mwite daktari kwanza. Hapa daktari ni bure.

Hita ikiwaka, kitundu kile kibaki wazi na dirisha liachwe upenyo wa kidole. Safisheni utambi, na moto ukigeuka manjano, zimeni. Msilale nayo inawaka hata siku moja. Mkitaka mafuta yadumu, kaeni wote chumba kimoja, tundikeni mablanketi madirishani kama mapazia, na kila anayelala apewe chupa ya mpira ya maji ya moto. Mavyaa avae soksi na suruali ya sufu ndani ya sari, na akikataa mwambie mimi ndiye niliyeagiza.

Barua ya siri kwa kaka yake, usiandike. Mkae mbele ya mavyaa, wewe na Kanti, mumwulize mwenyewe anataka kuishi wapi, na akijibu, mfuate jibu lake.

Nawe msomaji ambaye kichwa kinakuuma ukiwa ndani na kinapoa ukitoka nje, usiendelee kusoma. Zima hita, fungua dirisha, watoe watoto.

Bi Mwatima