Risasi za Mkwe Wetu wa Sanya Juu

Mama Joseph,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mwili mzima, ila moyo unadunda.

Unajua mimi na bunduki. Kondoa nzima inajua. Jana tulijaribu shabaha za mashindano ya kesho. Kibao kiko mbali kama kutoka kwetu hadi mnadani, na upepo wa mlima unapiga kwa pembeni. Nikafyatua risasi zangu za pua butu, zile nilizoangushia nyati. Zote zikasukumwa, zikadondoka chini ya kibao. Mkwe wetu, baba yake Aika, mke wa Joseph, akacheka mbele za watu: "Mzee mwenzangu, hicho kiazi hakikati upepo! Mbali panataka ncha kali na mkia mwembamba." Nikanuna, hata machalari yake, zile ndizi za nyama, nikayakataa.

Leo asubuhi kaja kuniomba radhi na jani la isale, kafungia risasi zake zilizochongoka. Uchaggani jani hilo halikataliwi. Nimezipokea.

Sasa ndiyo shida. Bunduki nimeizoesha risasi butu, zinazoshuka mapema. Hizi zinanyooka, nikilenga kwa juu kama nilivyozoea zitapita juu ya kibao, na uwanja umefungwa hadi kesho, siwezi kujaribu. Tena wamenipanga nipige wa mwisho katika timu yetu, wote wananitegemea mimi.

Nitalenga chini kidogo. Kiasi gani, Mungu ndiye ajuaye. Niombee, mke wangu, na upige magoti kabisa. Nikipata, watangazie majirani. Nikikosa, waambie risasi zilikuwa za mkwe.

Mumeo akupendaye,
Baba Joseph