Unga, Kilio na Mama ya Séphora mu Kisanduku Kimoja

Mupendwa Mama Simone, jambo sana, afya iko namna gani, na ule mugongo ulisema ku radio unakuuma? Shiye ku Katuba tunapumua, Mungu asifiwe. Naomba musaada, roho yangu haina amani.

Tangu vita ilifukuza bandugu yetu ba Goma, kanisa yetu iko na programme ya telefone, matangazo yote inapita pale, nani anatafuta ndugu, nani amefiwa iko na kilio, nani anauzisha unga, na miye njo présidente wa komite. Lévi, fundi wa ile programme, aliniuliza: «Mama, tangazo ya sauti ionekane namna gani? Na ya muntu amepotea, tuitenge?» Nikamujibu na Biblia mu mukono: «Mbele ya Mungu hakuna mukubwa. Kila tangazo kisanduku kimoja, picha moja, na kifungo moja ya kufinya, kama ku soko: NAKAMATA.» Akacheka: «Ata ya kilio, Mama?» «Ata ya kilio!» Basi papa moja wa kanisa, papa Anaclet, alikufa, na ku tangazo ya kilio yake bantu saba bakafinya NAKAMATA. Nilisema ni shetani.

Lakini hii ya sasa si shetani. Séphora wa kwaya yetu alipoteana na mama yake mu kukimbia, kila Siku ya Mungu ku kanisa ananiuliza, «Tantine, hakuna kitu?», namujibu, «Omba, mwana yangu», na kumbe chauffeur moja wa kamyo, Alexis, alituma ku programme sauti ya ule mama toka Kasumbalesa, siku kumi na mbili sasa, na juu ya vile sauti haina picha, kisanduku ilitokea kijivu, tupu, katikati ya unga na sabuni, nikaipita kila siku. Jana njo nilifinya, nikasikia: «Séphora, niko muzima, niko huku ku mupaka.» Alexis anasema Samedi ya juma hii anarudia Zambia, hana muntu wa kumuachia huyu mama. Leo ni Mercredi. Sijamuambia Séphora. Naona haya, naogopa komite, nilipanga nifunge kwanza siku tatu mu maombi. Unijibu mbio, tafazali.

Mama moja wa Katuba

*

Mama wa Katuba,

Mugongo ulikuwa muzuri mpaka nilisoma barua yako.

Siku tatu za kufunga! Toka Mercredi, zinaisha Samedi ile ile Alexis anawasha kamyo. Hongera, umepanga muzuri.

Unasema yote sawa mbele ya Mungu. Haya. Ku kanisa yenu, kuku ya sadaka munaifunga miguu, mutoto wa ubatizo munamubeba ku kifua. Siku gani ulimufunga mutoto miguu juu ya usawa? Kila kitu iko na namna yake ya kubebwa, ata ku telefone.

Najua ulitaka muzuri, na kazi ilikuzidi. Pole. Lakini umuite Lévi, na akisema, unyamaze. Muntu anatafutwa akae juu kabisa, kisanduku kubwa, kifungo NAMUJUA. Sauti iwe na alama ya kusikiliza. Kilio iwe na POLE. NAKAMATA ubakishie unga. Komite ikikataa, uliza nani kati yao alimukamata papa Anaclet.

Ile ni ya kesho. Sasa umupigie Alexis, asitoke bila huyu mama kukamatwa mukono na mwana yake. Kisha uende kwa Séphora, umusikilizishe kwanza ile sauti, mbele ya kujieleza. Haya yako itangojea ku mulango.

Jibu hii nakutumia ku telefone asubuhi. Ku radio nitaisoma leo leo saa sita ya muchana, na jina ya Séphora ndani. Ufike kwake mbele yangu.