Kabla ya Kumwambia Mtu, Niliiambia Simu

Mwanga, karibu na soko,
Kigoma.
2 Septemba 2025.

Mpendwa dada Melania,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mtwara wewe na shemeji Adolf? Goti lako limepoa, au bado linagoma kwenye ngazi za ofisini? Sisi huku tupo salama. Ziwa limefunguliwa kwa uvuvi tangu mwezi uliopita, samaki wetu wa mgebuka wamerudi sokoni, na watu tumeanza kunawiri tena. Mke wangu Révérienne ni mzima, na sauti yake ni ile ile, inafika Rusimbi bila simu.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu ningepiga ungeanza kulia kabla sijafika mwisho, na mwisho wenyewe ni mzuri. Barua hii anakuletea Wilfred, fundi cherehani mwenzangu, anayekuja huko kumwona mwanawe.

Dada, nimeacha sigara. Haya, cheka kwanza. Najua nilikuahidi kwenye msiba wa baba, nikarudia kwenye kipaimara cha binti yetu Lyse, na mara zote mbili pakiti ilikuwa mfukoni.

Lyse alipokuja likizo kutoka chuo cha uuguzi, aliniwekea kwenye simu akili mnemba inayosaidia watu kuacha kuvuta. Unaiandikia kwa Kiswahili kama unavyomwandikia mtu, nayo inakujibu papo hapo. Kila asubuhi inauliza, "Habari za leo, Nikodemu? Jana ulivuta ngapi?" Nikakubali tu ili mtoto arudi chuoni kwa amani.

Siku kumi na mbili niliidanganya. Naandika "sifuri" huku sigara iko mdomoni na mguu uko kwenye cherehani. Nayo inanipongeza! Mimi na Wilfred tulicheka mpaka machozi. Kisha asubuhi moja ikaniandikia kwamba bila shaka sasa napumua vizuri zaidi. Nilisoma maneno hayo nikiwa nusu ya kilima cha nyumbani, naenda kazini, nimeshika ukuta wa nyumba ya watu, nahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Nikaona aibu. Aibu mbele ya simu, dada!

Sasa nikuambie nililokuficha. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nakohoa, na mara tatu niliona damu kwenye leso. Sikumwambia mtu. Unakumbuka baba alivyoondoka kwa kifua. Nilijua zamu yangu imefika, nikawa namaliza nguo za wateja mbio mbio kama mtu anayefunga mizigo.

Siku ile ile ya kilimani, nilipofika kibandani pangu pa kushonea, niliandika: "Nilikuwa nakudanganya. Navuta kumi na tano kwa siku. Na nakohoa damu." Nilitegemea inifokee. Ikajibu: "Asante kwa kuniambia ukweli. Mimi si daktari, siwezi kukupima. Damu kwenye kikohozi si jambo la kusubiri. Nenda kituo cha afya leo. Nyumbani nani anaweza kwenda nawe?"

Hilo swali la mwisho ndilo lililonimaliza. Saa tano asubuhi nilifunga kibanda, nikaenda nyumbani. Révérienne alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote. Alisimama ghafla, ungo ukapinduka.

"Simu umeiambia lini?"

"Sasa hivi."

"Na mimi mkeo?"

"Sasa hivi."

"Yoo, Nikodemu! Umeanza na simu!"

Alininunia njia nzima mpaka kituoni, lakini mkono wangu hakuuachia.

Walichukua makohozi, wakanipiga picha ya kifua. Siku nne za kusubiri majibu sikushona hata kifungo. Daktari, mama mmoja mpole, akatuambia si kifua kikuu, na uvimbe hakuuona. Njia za hewa ndizo zilizoumia kwa moshi wa miaka thelathini. Alinipa dawa na tarehe ya kurudi kupimwa tena, kisha akaniambia, "Mzee, ukiendelea kuvuta, siku nyingine sitakuwa na habari njema." Révérienne alipiga kigelegele mle mle chumbani. Waliokuwa kwenye foleni wakadhani kuna aliyejifungua.

Usidhani hiyo mashine ina uchawi. Kuna siku ilinishauri nikishikwa na hamu niende kuogelea. Mimi, mwenye suruali kumi za wateja, na ziwani kuna mamba! Lakini iliniuliza sigara ipi ni ngumu kuliko zote, nikagundua ni ile ya baada ya chai ya saa nne. Ikasema nibadilishe mahali pa kunywea. Basi chai nanywa kwa wauza vitenge, ambako hakuna anayevuta, karanga mfukoni. Wiki ya kwanza mikono ilitetemeka, nikamshonea mwalimu mmoja suruali yenye mguu mmoja mrefu. Mpaka leo akinipita ananionyesha mguu.

Na nimeteleza mara moja, kwenye harusi kule Mwandiga. Moja tu, nyuma ya jiko. Niliizima, nikaenda moja kwa moja kwa Révérienne aliyekuwa anacheza na wanawake wenzake, nikamwambia sikioni. Akacheka, akaniambia, "Haya, sasa nenda kamwambie na yule mwenzako wa simuni." Akanivuta mkono nikacheze kwanza. Tulicheza nyimbo tatu, dada, na sikukohoa.

Nisamehe kwa kukuficha. Msalimie sana shemeji Adolf, na umbusu Regina mdogo kwa niaba yetu. Mama Shadia jirani naye anakusalimia, anauliza utakuja lini kula ugali wa muhogo wa kwenu.

Mwenyezi Mungu akupe afya na usingizi mtamu, na goti lako alikumbuke.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Nikodemu